Saa nne na nusu Dubai au saa moja na dakika 25 Addis Ababa: ni tiketi ipi inayomlinda msafiri?

"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Kisasa, Dodoma, na ninatarajia kumpeleka mama yangu Ujerumani akamwone kaka yangu anayeishi karibu na Frankfurt. Mama ana miaka 71, ana presha, magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda ndege. Wakala amenipa njia mbili. Ya kwanza ni tiketi moja ya Dar es Salaam, Addis Ababa hadi Frankfurt, inaondoka Ijumaa jioni, na Addis tunakaa saa moja na dakika 25 tu. Ya pili ni tiketi mbili za mashirika mawili tofauti: Dar hadi Dubai inayoondoka Ijumaa saa 00:40, kisha Dubai hadi Frankfurt, na pale Dubai tunakaa saa nne na nusu. Hii ya pili ni nafuu kwa shilingi 900,000 kwa sisi wawili. Wakala anasema mizigo itakwenda moja kwa moja, na kwamba bima tuliyokata kwa ajili ya viza itatulinda tukichelewa. Mimi naona saa nne na nusu ni salama zaidi kuliko saa moja na kidogo. Kwa njia yoyote tutakayochagua, tutapanda treni ya SGR Ijumaa asubuhi kutoka Dodoma. Nichague ipi?"

Marahaba, na mfikishie mama salamu zangu. Kabla sijaligusa swali lenyewe, naomba usilipie chochote hadi umalize aya hii. Ndege inayoondoka Ijumaa saa 00:40 haiondoki Ijumaa usiku. Inaondoka dakika 40 baada ya saa sita, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, na maana yake ni kwamba mnatakiwa kuwa uwanjani Alhamisi hiyo hiyo, yapata saa tatu na nusu usiku. Mkipanda treni Ijumaa asubuhi, mtaingia Dar es Salaam wakati ndege yenu imekwishatua Dubai.

Kosa hili huwapata watu wengi, wasomi na wasio wasomi, wala halitokani na uzembe. Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi, na usiku wote tunauona kuwa ni mwendelezo wa siku iliyokwisha, ilhali tiketi za ndege huandikwa kwa saa 24 na tarehe yake hubadilika saa sita kamili usiku. Tena kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa: saa ya kuondoka Dar ni ya Dar, na saa ya kufika Dubai ni ya Dubai, iliyo mbele yetu kwa saa moja. Hata Addis Ababa, ambako wenyeji huhesabu saa kama sisi na ambako saa zao zinalingana na zetu, mbao za uwanjani hufuata hesabu ya kimataifa. Ukiona kwenye tiketi saa yoyote kati ya 00:00 na 05:59, chukua kalamu uiandike upya pembeni kwa maneno yetu, kwa mfano "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa sita na dakika 40", kisha umsomee mtu mwingine wa nyumbani athibitishe.

Sasa nije kwenye hofu yako. Unaogopa kwamba saa moja na dakika 25 hazitoshi kushuka, kukaguliwa na kupanda tena, hasa ukiwa na mzazi anayetembea kwa shida. Hofu hiyo ni ya haki na nitairudia, kwa sababu kwa hali ya mama ina uzito kuliko ambavyo wakala amekueleza. Lakini hitimisho ulilolifikia, kwamba saa nyingi ndizo zenye usalama, si sahihi. Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: ndege ya kwanza ikichelewa, hasara ni ya nani? Idadi ya saa inafuata baadaye.

Tiketi ya ndege ni mkataba. Unaponunua tiketi moja ya Dar hadi Frankfurt kupitia Addis Ababa, shirika limeahidi kukufikisha Frankfurt, na Addis ni mahali pa kubadilishia chombo tu. Ndege ya kwanza ikichelewa hata ya pili ikaondoka bila nyinyi, deni bado ni lao: watawatafutia nafasi katika ndege nyingine bila kuwatoza nauli mpya, na kwa kawaida watashughulikia chakula na mahali pa kulala hadi ndege hiyo iondoke. Unaponunua tiketi mbili, umeingia mikataba miwili isiyojuana. Shirika la kwanza limeahidi kuwafikisha Dubai, na likiwafikisha, hata kwa kuchelewa saa tano, safari waliyoiuza imekwisha. Shirika la pili linajua tu kwamba abiria wawili hawakutokea kaunta. Ni sawa na mtu aliyekata basi la Dodoma kwenda Singida kwa kampuni moja na la Singida kwenda Mwanza kwa kampuni nyingine: basi la pili halina sababu ya kumngoja, wala mwenye basi hana nauli ya kumrudishia.

Na hasara haiishii kwenye ndege moja. Tiketi nyingi za kimataifa zina sharti kwamba vipande vyake, yaani ndege moja moja za safari hiyo, vitumike kwa mpangilio wake, na abiria asipotokea katika kipande kimoja, vilivyobaki hufutwa. Kama tiketi yenu ya Dubai hadi Frankfurt ni ya kwenda na kurudi, kukosa ile ya kwenda kunaweza kufuta na ya kurudi. Hapo mtakuwa Dubai, mama amechoka, mkilazimika kununua tiketi mpya mbili kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo mara nyingi ndiyo bei ya juu kabisa. Zile 900,000 mlizookoa zitakuwa zimemezwa mara kadhaa.

Ahadi ya pili ya wakala ni kuhusu mizigo, na hapa ninaomba umbane kwa upole lakini bila kumwachia. Mizigo huhamishwa moja kwa moja kati ya mashirika mawili ikiwa mashirika hayo yana makubaliano ya kupokeana abiria na mizigo, na ikiwa mhudumu wa kaunta Dar anaruhusiwa kufanya hivyo kwa tiketi zilizotengana. Mashirika mengi hukataa kwa tiketi zilizotengana hata pale makubaliano yapo. Ushahidi haumo katika maneno ya mtu. Umo kwenye lebo inayofungwa kwenye begi. Soma herufi tatu kubwa za mwisho wa safari: zikiwa FRA, begi linakwenda Frankfurt, zikiwa DXB, begi linaishia Dubai na mtalifuata wenyewe.

Hapo ndipo njia ya Dubai inapofunga mlango kabisa. Ili ulichukue begi kwenye mkanda wa Dubai ni lazima upite uhamiaji na kuingia nchini, na Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza ya Falme za Kiarabu iliyopatikana kabla ya safari. Viza ya Schengen mliyo nayo, yaani ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, haiwafungulii Dubai. Bila viza mtabaki upande wa abiria wanaopita, begi likizunguka upande wa pili. Kuna uwezekano pia kwamba mashirika hayo mawili yanatumia majengo tofauti, kwani uwanja wa Dubai una Terminali ya 1, 2 na 3, na ile ya 2 iko upande mwingine wa njia za kurukia ndege. Saa nne na nusu ulizoziona ni nyingi zingegawanywa kwenye foleni ya uhamiaji, mkanda wa mizigo, usafiri wa kutoka jengo hadi jengo, kaunta ya shirika la pili ambayo kwa safari za kimataifa hufungwa kama saa moja kabla ya kuondoka, uhamiaji tena na ukaguzi tena. Kijana mwenye begi la mgongoni na viza mkononi anaweza kuyamaliza hayo. Kumtaka mama wa miaka 71 mwenye magoti mabovu ayafanye ni kumtesa.

Ahadi ya tatu, ile ya bima, nayo nataka kuisahihisha. Bima inayodaiwa kwa viza ya Schengen ni ya matibabu: inatakiwa igharamie dharura ya afya, matibabu ya hospitali na kurudishwa nyumbani, kwa kiwango kisichopungua yuro 30,000. Kukosa ndege ya kuunganisha si sehemu ya sharti hilo. Baadhi ya kampuni huongeza kipengele hicho, lakini nyingi hukitenga pale msafiri alipojiunganishia mwenyewe tiketi mbili. Fungua karatasi ya bima, tafuta kifungu kinachozungumzia kuchelewa na kukosa ndege, na usipokikuta, chukulia kwamba hakipo.

Nimesema tiketi moja ndiyo kinga, kwa hiyo ni vyema ujue namna ya kuitambua, kwa sababu karatasi moja yenye ndege zote nne si uthibitisho. Wakala anaweza kuchapisha tiketi mbili kwenye ratiba moja ikapendeza sana machoni. Tazama namba ya tiketi ya kielektroniki, ambayo ina tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Zile za Ethiopian Airlines, kwa mfano, huanza na 071. Namba moja hubeba hadi vipande vinne vya safari, na safari yenu ya Dar, Addis, Frankfurt, Addis, Dar ni vipande vinne kamili. Kila abiria, wewe na mama, anapaswa kuwa na namba moja tu inayoonekana mbele ya ndege zote nne. Ukiona namba mbili tofauti kwa mtu mmoja katika safari fupi kama hii, uliza kwa nini. Kuna tovuti zinazouza tiketi mbili pamoja na dhamana yao ya kukusaidia ukikosa ndege. Dhamana hiyo ni ya muuzaji, si ya shirika la ndege, na usiku wa manane mtakuwa mkimtafuta muuzaji kwa simu.

Sasa nirudi kwenye saa moja na dakika 25 za Addis Ababa. Mfumo wa kukata tiketi haukuzipanga kwa kubahatisha. Kila uwanja una muda wa chini wa kuunganisha ndege, uliokokotolewa kwa kuzingatia umbali kati ya majengo, ukaguzi wa usalama na muda wa kuhamisha mizigo kutoka ndege moja hadi nyingine, na mfumo hautakiwi kuuza tiketi moja iliyo chini ya muda huo. Zaidi ya hapo, wanaokwenda Ulaya kupitia Addis hukusanywa kutoka miji mingi ya Afrika kwa wakati mmoja, ili ndege zinazotua jioni na usiku zilete abiria wa zile zinazoondoka usiku huo. Abiria mzima wa viungo akifika kwa wakati, dakika 85 humtosha.

Lakini muda huo umekokotolewa kwa mtu anayetembea kwa miguu yake. Mama atahitaji kiti cha magurudumu, na abiria wa kiti cha magurudumu hupandishwa kwanza na kushushwa mwisho. Ndege ikiegeshwa mbali na jengo, jambo la kawaida Addis, abiria hushuka kwa ngazi na kupakiwa kwenye basi, na asiyeweza ngazi husubiri gari lenye jukwaa la kunyanyulia. Toa dakika za kusubiri huko, toa na dakika 15 au 20 za mwisho ambazo geti linakuwa limefungwa, na utaona kilichobaki ni chembamba mno kwa safari ya kwanza ya mtu mwenye presha. Hatari ya kupoteza fedha ni ndogo kwa sababu tiketi ni moja. Hatari ya kumhangaisha mama ni kubwa.

Kwa hiyo jibu langu ni njia ya tatu ambayo wakala hakukupa. Mwambie akutafutie safari hiyo hiyo ya Dar hadi Frankfurt, tiketi moja, lakini yenye kusubiri kwa saa tatu hadi tano Addis Ababa, ama kwa ndege ya mapema zaidi kutoka Dar siku hiyo, ama kwa siku nyingine ya wiki. Mara nyingi nauli haibadiliki, au hubadilika kidogo, kwa kuwa ni daraja lile lile la bei. Wakala huweka mbele muda mfupi zaidi kwa sababu mfumo wenyewe huupa kipaumbele, na abiria wengi hufurahia kufika mapema. Unaweza pia kumuuliza njia nyingine za tiketi moja, kama Istanbul, Doha au Amsterdam, ulinganishe nauli na muda wa kusubiri. Akikupa njia ya London, kuwa mwangalifu: Mtanzania kwa kawaida anahitaji viza ya kupita uwanjani hata asipotoka nje, na viza ya Schengen si mbadala wake.

Kiti cha magurudumu hakilipiwi, lakini kinaombwa, na kinaombwa angalau saa 48 kabla ya safari ili kiingie kwenye kumbukumbu ya tiketi katika viwanja vyote vitatu. Usimwambie wakala "mama ni mzee" ukaishia hapo. Yako maombi ya aina tatu: la mtu anayeweza kupanda ngazi za ndege lakini hawezi kutembea mbali, linaloandikwa WCHR, la mtu asiyeweza ngazi lakini anaweza kujisogeza hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege, WCHS, na la mtu asiyeweza kusogea kabisa bila kubebwa, WCHC. Kwa magoti uliyoyaeleza, nadhani WCHS ndiyo inayomfaa, kwa sababu ndiyo inayoagiza gari la kunyanyulia badala ya ngazi. Mwulize mama mwenyewe kama anaweza kupanda ngazi ndefu zisizo na mahali pa kupumzikia. Wazazi wetu wengi hukubali kila kitu kwa kutotaka kusumbua watu, kwa hiyo mweleze kwamba huduma hiyo ni stahili yake na haimwondolei heshima. Mhudumu wa kiti mara nyingi humpitisha abiria kwenye njia za kipaumbele, na wewe uandamane naye bila kuachana hata kwa hatua chache.

Dawa za presha zikae kwenye begi la mkononi, katika vifungashio vyake vya asili, pamoja na cheti cha daktari na dozi za siku kadhaa zaidi ya mnazohitaji. Begi lililokabidhiwa linaweza kubaki Addis kwa siku moja. Dawa hazipaswi kubaki nalo. Na kama kaka amewaagiza mvinyo wa Dodoma, chupa ziingie kwenye begi la kukabidhi, zimefungwa vizuri ndani ya nguo, kwa sababu Addis mnakaguliwa upya na kimiminika kinachozidi mililita 100 mkononi hakipiti.

Ikitokea mmechelewa kutoka Dar, mwambieni mhudumu wa ndege mapema, mkiwa bado angani, kwamba mna ndege ya kuunganisha na mna abiria wa kiti. Wakati mwingine ndege ya pili husubiri kidogo, au mtu hutumwa kuwapokea mlangoni. Mkiikosa kabisa, msifuate umati unaoelekea kwenye njia ya kutokea. Ulizeni kaunta ya abiria wanaounganisha, onyesheni tiketi moja ya safari nzima, na msiondoke hapo hadi mmepewa pasi mpya za kupandia na mmejua mtalala wapi. Tunzeni vipande vya pasi za zamani na vibandiko vya mizigo. Msinunue tiketi mpya kwa papara, kwa kuwa mkifanya hivyo mnaweza kuwa mmelisamehe shirika deni lake.

Kuhusu haki za fidia, mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaliwajibisha shirika kwa hasara inayotokana na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote zinazostahili. Begi likiharibika, malalamiko ya maandishi yapelekwe ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu lilipokabidhiwa kwenu. Sheria ya Umoja wa Ulaya nayo hulinda kila safari inayoanzia Ulaya, hata kwa shirika lisilo la Ulaya. Hivyo mkirudi kutoka Frankfurt kwa tiketi moja, mkaikosa ndege ya Addis hadi Dar kwa sababu ya shirika, na mkafika Dar kwa kuchelewa sana, mnaweza kudai fidia inayofikia yuro 600 kwa kila abiria, iwapo hakukuwa na sababu isiyozuilika kama hali ya hewa. Safari ya kwenda, kwa shirika lisilo la Ulaya, haimo katika kinga hiyo. Mkidhulumiwa na shirika likawapuuza, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hupokea malalamiko ya abiria.

Nimalizie na SGR, kwa sababu sisi wa Dodoma safari yetu ya kimataifa huanzia stesheni. Tangu treni ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, watu wengi wamezoea kuona mwendo wa saa nne hivi kuwa ni uhakika. Treni ni nzuri na kwa magoti ya mama ni bora kuliko basi. Hata hivyo tiketi ya treni nayo ni mkataba wa peke yake: ikichelewa, shirika la ndege halihusiki hata kidogo. Kutoka Stesheni ya Magufuli bado mna Barabara ya Nyerere hadi Terminali ya 3, na jioni ya Ijumaa barabara hiyo haina huruma. Teremkeni siku moja kabla, mlale Dar kwa ndugu au nyumba ya wageni, mama apumzike, na muwe uwanjani saa tatu kabla ya kuondoka. Gharama ya kulala usiku huo ihesabu kuwa sehemu ya nauli.

Wapo watakaokushauri uongeze ndege ya Dodoma hadi Dar. Ikiwa imo ndani ya tiketi ile ile, ni jambo zuri, ila ni lazima muipande. Msije mkaamua kushuka na treni na kuikuta ndege ya kimataifa Dar, kwa sababu kuacha kipande cha kwanza hufuta vyote vinavyofuata, kama nilivyoeleza. Ikinunuliwa kando, ichukulieni kama treni, yaani msipande ya siku ile ile. Wakati wa kurudi kumbukeni kwamba uhamiaji na forodha mnamalizia Dar, na ndege za ndani huondokea Terminali ya 2, jengo lingine kabisa.

Jambo moja la kurudi lisikupite. Mkipewa ratiba inayowaweka Addis Ababa zaidi ya saa 12, maofisa wa afya Dar wanaweza kuwadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Ethiopia imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo hiyo ina masharti kwa watu waliovuka miaka 60, na kwa umri wa mama uamuzi ni wa daktari, si wa wakala wala wangu. Njia rahisi ni kukataa ratiba ya kusubiri muda mrefu kiasi hicho, hata kama shirika linatoa hoteli ya bure.

Kwa bei nitakwambia ukweli: 900,000 ni fedha nyingi, na kama ungekuwa unasafiri peke yako, na begi la mkononi tu, na viza ya Dubai, na usiku mzima wa kulala kati ya ndege mbili, nisingekukataza tiketi mbili. Kwa safari hii ninakukataza.

Yapo mambo matatu ambayo hayafai kumalizwa kwa maandishi, yanahitaji uende mwenyewe. Mpeleke mama hospitali anakotibiwa presha, wiki mbili au tatu kabla, daktari aseme kama anaweza kukaa angani kwa saa nyingi na afanye nini kuhusu miguu kuvimba. Akiwa amelazwa au kupasuliwa karibuni, shirika linaweza kudai fomu ya afya iliyojazwa na daktari huyo. Nenda kwa wakala ukiwa na pasipoti zote mbili, mlinganishe majina herufi kwa herufi, na usitoke hadi umeona namba ya tiketi yenye tarakimu 13 na ombi la kiti cha magurudumu kwenye kila ndege. Na wakala akishindwa kukuonyesha hayo, piga simu ofisi ya shirika lenyewe iliyopo Dar es Salaam, uwatajie namba ya uhifadhi wa nafasi, na uwaombe wakusomee wanachokiona.